Jinsi ya kumpa mzee kidonge cha sukari (glibenklamidi) bila kumwangusha: mwongozo kamili

Meseji zinazokuja ni zilezile, yanabadilika majina tu: "Mama kanywa dawa ya sukari asubuhi, ilivyofika saa tano tukamkuta kalowa jasho, anaongea vitu havieleweki, tumuongezee kidonge?" Jamani, hapana. Hapo sukari haijapanda, imeshuka, na kidonge kingine juu yake kinaweza kumuua. Na ukihoji vizuri mara nyingi unaambiwa asubuhi mama alikunywa dawa yake na chai ya rangi na andazi nusu, basi.

Nimeshajibu mmoja mmoja mpaka basi, sasa naandika yote sehemu moja. Hii ni kwa yule anayemhudumia mgonjwa nyumbani, awe mtoto, mkwe, mjukuu au dada wa kazi, na inahusu kidonge kimoja, glibenklamidi, ambacho kwenye pakti utaona kimeandikwa Glibenclamide au Daonil, mara nyingi cha miligramu 5. Dozi anapanga daktari, mimi siigusi. Kazi yako wewe ni kuhakikisha inaingia kwa usalama.

Kabla ya yote elewa hili moja. Hiki kidonge kinaisukuma kongosho itoe insulini, ile homoni inayoshusha sukari, na kinaisukuma hata kama mtu hajatia kitu tumboni, hakiangalii kwenye damu kuna sukari au hamna. Metformini, dawa nyingine ya sukari, haifanyi hivyo, ndo maana ikitumika peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Karibu kila hatua huko chini inatokana na hapa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mashine ya kupimia sukari, stripu za mashine hiyohiyo (za mashine nyingine hazisomi) na vile vipini vya kutobolea kidole.
- Dawa zote anazotumia, ZOTE, zikiwa kwenye pakti au bahasha zake, pamoja na za presha na zile za mitishamba anazoficha chini ya mto.
- Daftari la kawaida na kalamu iliyofungwa na kamba, manake kalamu nyumbani huwa inatembea.
- Sukari ya mezani, kijiko cha chai, glasi, na soda ya kawaida chupa moja ambayo watoto wameambiwa haiguswi. Sio ya zero, sio ya dayati, hizo hazina sukari kwa hiyo hazitakusaidia kitu. Glukosi ya unga ya dukani nayo ni nzuri sana.
- Kadi yake ya kliniki.
- Namba ya simu ya kliniki, na namba ya jirani mwenye gari au dereva anayepokea simu saa nane usiku. Hii ya pili watu wanaidharau mpaka siku yenyewe ifike.

Kama mashine huna uwezo nayo saivi, mwongozo bado unakufaa, ila hatua ya 3 utaenda kupima zahanati au duka la dawa lenye huduma hiyo, na hatua ya 6 inabidi uishike kichwani.

## Hatua ya 1: Jua unachompa ni kidonge gani

Inaonekana kitu cha kitoto lakini hapa ndipo wengi wanapoanza kuharibu. Mwaga dawa zake mezani, moja moja, soma jina dogo la chini na sio lile kubwa la kampuni. Glibenklamidi kwa kawaida ni kidonge kidogo, 5 mg. Metformini ni likidonge likubwa, 500 mg au 850 au 1000. Kuna wazee wanapewa vyote viwili na ni sawa kabisa kama daktari ndo kaandika, na kuna vidonge vingine vyenye dawa zote mbili ndani ya kimoja, hivyo ukiongeza na glibenklamidi pembeni umeshampa dozi mara mbili.

Kosa lingine ni majina. Mzee kapewa Daonil hospitali ya wilaya, mwezi uliofuata kaenda dispensari nyingine akapewa bahasha imeandikwa glibenclamide, nyumbani anakunywa zote kwa sababu anaona ni dawa mbili tofauti. Ni dawa ileile.

Alafu soma ile bahasha. Ikiandikwa 1 x 2 maana yake kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Sio viwili kwa mpigo, wala sio kimoja kila baada ya siku mbili, na usicheke, hivyo ndivyo zinavyosomwa huko majumbani. Ikiandikwa ½ x 1 ni nusu kidonge mara moja, hicho kikate na kisu kikali au kile kikatio cha famasi, usikivunje na meno, kinatoka robo na robo tatu.

Utajua umepatia kama mtu akikuamsha usiku unaweza kumwambia jina la dawa, miligramu ngapi, vingapi na saa ngapi bila kwenda kuangalia.

## Hatua ya 2: Uliza kama bado inamfaa

Watu wanaruka hii kwa sababu "si daktari alishaandika". Sawa, aliandika lini? Mwili wa mzee wa miaka 58 sio wa mzee wa miaka 71.

Ini linaivunjavunja glibenklamidi na karibu nusu ya mabaki yake yanatolewa na figo, sasa shida ni kwamba hayo mabaki yenyewe bado yana nguvu ya kushusha sukari. Figo zikichoka yanarundikana, kidonge cha leo kinakutana na cha jana hakijaisha. Ndo maana orodha ya dawa muhimu ya WHO inasema wazi glibenklamidi haifai kwa mtu wa zaidi ya miaka 60, na penye uwezekano mzee anapewa ndugu yake, gliklazidi, ambayo ni salama zaidi kwake. Lakini huko mtaani glibenklamidi ni bei rahisi na inapatikana, kwa hiyo wazee wengi bado wako nayo. Simlaumu mtu. Nasema tu uulize.

Mwambie daktari au nesi wa kliniki waziwazi kama mgonjwa wako:

- ana miaka zaidi ya 60, au anakula kidogo kidogo siku hizi
- ana shida ya figo au ini (omba kipimo cha kreatinini kama hajapima mwaka mzima)
- ana kisukari cha aina ya kwanza, hawa wanahitaji insulini, kidonge hiki hakiwafanyii kazi
- ni mjamzito au ananyonyesha
- aliwahi kuvimba au kutoka vipele kwa dawa za salfa
- ana ule upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), kwenye familia za pwani na kanda ya ziwa upo, na kidonge hiki kinaweza kufanya damu yake ivunjike, dalili ni mkojo mweusi kama cola, kupauka na kuchoka ghafla

ONYO: usimwachishe dawa mwenyewe kwa sababu umesoma hapa. Sukari ikipaa nayo inaua, ila yenyewe inachukua muda. Nenda ukabadilishiwe.

## Hatua ya 3: Pima kabla ya dawa ya asubuhi

Angekuwa kijana wa miaka 40 anayejielewa nisingesema kila siku. Kwa mzee, au mtu aliyebadilishiwa dozi karibuni, au aliyewahi kudondoka, pima kila asubuhi kabla ya kumpa.

Mwoshe mikono na sabuni, ikauke kabisa. Mtu aliyetoka kumenya embe akipimwa bila kunawa mashine inaweza kusoma sukari ya embe, ukadhani imepanda kumbe iko chini. Toboa pembeni ya ncha ya kidole, sio katikati penye maumivu, na ubadilishe kidole kila siku. Kipini ni cha mtu mmoja, hakishirikishwi hata kama ni mke na mume. Stripu zikae kwenye kichupa chake kimefungwa, ukikiacha wazi unyevu unaziharibu na zinaanza kusema uongo.

Angalia pia mashine yako inasoma kwa kipimo gani. Tanzania na Kenya nyingi ni mmol/L, namba kama 6.2 au 11.4. Ndugu aliyekutumia mashine toka Marekani au Dubai anaweza kukuletea ya mg/dL, inasoma 112 au 205. Ukiona 110 usipige kelele, gawanya kwa 18 utapata takriban 6.

Namba inasemaje (mmol/L):

Chini ya 4. Usimpe dawa. Nenda hatua ya 7 sasa hivi, hata kama anaonekana mzima.

Kati ya 4 na 5. Mlishe kwanza, kidonge kisubiri mpaka uongee na kliniki. Kwa mzee hapa hamna nafasi ya kuchezea.

Kuanzia 5 hadi kiwango mlichopangiwa. Endelea hatua ya 4. Wengi wanaambiwa asubuhi kabla ya kula iwe kati ya 4.4 na 7.2, lakini mzee dhaifu daktari anaweza kuruhusu juu ya hapo makusudi, ili asianguke. Usimwone daktari mzembe.

Zaidi ya 15 na anakojoa sana, ana kiu, anatapika au amelegea, au mashine inaandika Hi (sukari imepita kiwango inachoweza kusoma). Hospitali. Usijaribu kushusha nyumbani kwa kuongeza vidonge.

## Hatua ya 4: Sahani kwanza, kidonge baadaye

Kama mwongozo huu wote utausahau, kumbuka hicho kichwa cha habari.

Kidonge kinatolewa pamoja na mlo wa kwanza mkubwa wa siku au mara tu baada yake. Kwa mtu mzima asiye na tatizo la kula wengine wanaelekezwa anywe muda kidogo kabla ya kula, sasa kwa mzee wa nyumbani mimi siipendi hiyo kabisa, manake umeshampa dawa saa moja asubuhi, mkaa unagoma kuwaka, maharage hayajaiva, mara kapata mgeni wanaongea, mara anasema hasikii njaa, mpaka saa tatu hajala na insulini inamwagika tu. Fanya hivi: chakula kiwe mezani, aanze kula, umwone kwa macho yako amefika walau nusu sahani, ndo umpe kidonge na maji.

Mlo ni nini? Chai ya rangi sio mlo. Kikombe cha uji mwepesi na tonge moja sio mlo. Mlo ni kitu chenye wanga na kitu cha kuushikilia: viazi vitamu vipande viwili na yai, uji wa dona uliokolea na karanga, chapati moja na maharage, ugali wa jana uliopashwa na mboga na dagaa. Usimpikie vya kujinyima kupita kiasi kwa sababu "ana sukari", kuna nyumba mzee anapewa kachumbari na chai isiyo na sukari na hapohapo anapewa glibenklamidi, alafu wanashangaa anazimia.

Na haiishii asubuhi. Kidonge hiki kinafanya kazi mpaka masaa 24, kwa hiyo cha mchana ni lazima na cha jioni ni lazima, na kwa saa zisizobadilika sana. Kama mchana huwa unachelewa mpaka saa tisa, saa nne au saa tano mpe kitu kidogo, ndizi au kipande cha muhogo. Siku anayokwenda shamba, kufua au kutembea umbali mrefu anaongeza chakula, manake misuli nayo inakula sukari.

Kuhusu dozi yenyewe, wengi wanaanzia 2.5 au 5 mg kwa siku, na ikipita 10 hugawanywa asubuhi na jioni. Ukiona umeandikiwa vidonge vingi kuliko hapo uliza, kuuliza sio utovu wa adabu.

Akisahau? Kama ndo anakula mlo unaofuata na bado ni mapema, mpe na huo mlo. Kama muda wa dozi nyingine umekaribia, iache iliyopita, endelea na inayokuja. Kufidia kwa kumpa viwili hapana, na kidonge cha usiku wakati anapanda kitandani hapana kabisa.

Umefanikiwa kama amekula, dawa imeingia, na masaa mawili matatu baadaye yuko vilevile, anaongea, anakumbushia redio iwashwe.

## Hatua ya 5: Siku za kutompa

Anatapika, anaharisha au ana homa na hataki kula: shikilia kidonge, mpe maji na vinywaji kidogo kidogo, pima kila masaa manne kama una stripu, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Malaria yenyewe inaweza kushusha sukari, na kwinini inaisukuma kongosho kutoa insulini pia, kwa hiyo mgonjwa wa sukari mwenye malaria kali apelekwe, asitibiwe sebuleni.

Ameambiwa aende hospitali bila kula kwa ajili ya kipimo: asinywe asubuhi. Abebe kidonge na chakula kwenye mfuko, akishatolewa damu anakula alafu ndo anakunywa. Watu wengi wanaanguka kwenye foleni ya maabara kwa sababu hii tu.

Anafunga. Hapa niseme taratibu kwa sababu ni jambo la imani na sitaki kumvunja mtu moyo. Mfungo wa Ramadhani na glibenklamidi ni mchanganyiko mgumu, mchana ni mrefu na dawa bado iko kazini. Mzee akitaka kufunga aende kliniki wiki 6 mpaka 8 kabla ya mwezi, sio siku ya mwandamo, ili daktari aangalie kama anaweza kufunga au hapana, pengine ambadilishie dawa, na kama anabaki nayo basi dozi ihamishwe kwenye futari na ipunguzwe ya daku. Usihamishe mwenyewe kwa hesabu zako. Kutoboa kidole kupima hakuvunji funga, masheikh na madaktari wameshalisema sana hili, kwa hiyo apime mchana. Sukari ikifika chini ya 3.9 au juu ya 16.7 anafungua palepale, hata ikibaki robo saa adhana iingie. Na mgonjwa ana ruhusa yake kwenye dini. Hayo hayo kwa wenzetu wa funga ya maombi ya siku tatu kavu, mchungaji mwambie mapema kuwa mama anatumia dawa ya kushusha sukari.

Pombe. Ini likiwa linashughulika na pombe haliachii sukari yake ya akiba, kwa hiyo mzee aliyepiga mbili tatu za kienyeji bila kula na kidonge kiko tumboni anaweza kushuka usiku wa manane, na wote mtasema "kalewa huyo, mwacheni alale".

## Hatua ya 6: Jifunze kuiona sukari ikishuka

Mwanzoni: jasho la ghafla wakati hamna joto, mikono inatetemeka, njaa kali, moyo unaenda mbio, midomo inakufa ganzi. Ikiendelea kushuka ubongo ndo unakosa mafuta: anachanganyikiwa, anakuwa mkali bila sababu, anaongea kilevi, haoni vizuri, anashindwa kufunga kifungo cha shati. Mwisho degedege na kuzimia.

Kwa wazee ule mwanzo mara nyingi haupo. Unamkuta tu amekaa kimya anakutazama kama hakujui, au upande mmoja umelegea mkadhani ni kiharusi. Nyumba nyingine zinakimbilia kusema ni uzee, nyingine kwamba katupiwa kitu. Pima kwanza, maneno baadaye.

Akiwa anatumia dawa za presha za jamii ya propranololi au atenololi, zinaficha kutetemeka na moyo kwenda mbio. Jasho haziondoi. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa namna hiyo jasho ndo kengele yako, mshike shingoni na mgongoni, kukiwa na majimaji ya baridi chukua mashine.

Usiku angalia shuka limelowa, anapiga kelele za ndoto, asubuhi anaamka na kichwa kinauma na amechoka kana kwamba hakulala. Ukiona hivyo mara mbili, mpime saa tisa usiku siku moja alafu upeleke hiyo namba kliniki.

Huna mashine na hujui imepanda au imeshuka? Kama yuko macho na anameza, mchukulie imeshuka, mpe sukari. Ikiwa kumbe ilikuwa juu umeipandisha kidogo tu, ila ikiwa ilikuwa chini na ukamwacha, ubongo hausubiri.

## Hatua ya 7: Kumrudisha

Yuko macho na anaweza kumeza

Vijiko vya chai vinne vya sukari, flati, koroga kwenye nusu glasi ya maji, anywe yote. Au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida. Au asali kijiko kimoja kikubwa. Au glukosi kiasi hichohicho cha sukari. Hiyo ni kama gramu 15 za sukari ya haraka.

Usianze na chapati, maziwa, chokoleti wala karanga. Mafuta yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu, na wewe hapo unahesabu dakika.

Subiri dakika 15, pima tena. Bado chini ya 4? Rudia vilevile. Usimmiminie lita nzima ya soda kwa woga, itapaa mpaka 18 alafu mtaanza kuitafuta ya kushusha.

Ikishapita 4, mpe chakula cha kweli, ugali, wali, viazi, mkate na maharage.

Alafu, hii ni sehemu wanayokosea hata baadhi ya wahudumu: usimwache. Sukari ya glasi inaisha ndani ya saa moja, kidonge bado kiko ndani mpaka kesho. Anaamka, anatabasamu, mnashukuru Mungu, mnalala, saa saba usiku anashuka tena. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo hata kama amerudi vizuri, wengi huwekwa chini ya uangalizi siku nzima au zaidi, hasa mwenye shida ya figo. Wakati mnatafuta usafiri pima kila saa na usimpe dozi inayofuata.

Amezimia, ana degedege au hawezi kumeza

Usimmiminie kitu mdomoni. Sio soda, sio maji ya sukari, sio maziwa. Kinaenda kwenye mapafu. Mlaze ubavu, kichwa kiinamishwe kidogo ili mate yatoke, hakikisha anapumua, na gari lije SASA. Hospitali watamwekea dekstrosi kwenye mshipa. Ukifika mapokezi sentensi ya kwanza iwe hii: "Ana kisukari, anatumia glibenklamidi, kanywa saa fulani." Hilo jina la dawa ndo linamfanya daktari ajue kwamba dripu moja na kurudi nyumbani haitoshi. Na pakti yenyewe uibebe.

Umefanikiwa kama namba inakaa juu ya 5 kwenye vipimo kadhaa mfululizo bila kumpa sukari mpya, na amerudiwa na akili zake, anakuuliza nani kafunga mlango wa banda la kuku.

## Hatua ya 8: Chunga dawa zinazoingia kimyakimya

Mzee kapata fangasi, kaenda duka la dawa, kapewa flukonazoli. Hakusema ana sukari, hakuulizwa. Kesho yake kaanguka. Flukonazoli inazuia mwili kuivunja glibenklamidi, kwa hiyo inabaki nyingi kwenye damu. Nyingine za kuchunga ni Septrin (na wapo wanaoitumia kila siku pamoja na ARV, watajeni kliniki), cipro na ndugu zake, na aspirini ya dozi kubwa ya maumivu.

Zipo zinazofanya kinyume. Rifampisini ya TB inapunguza nguvu ya kidonge, sukari inapanda, daktari anaongeza dozi, alafu TB ikiisha na rifampisini ikasimama dozi ile kubwa inabaki palepale. Hapo ndo mtu anashuka. Prednisoloni nayo inapandisha kwa mtindo huohuo, ikisimamishwa lazima dozi iangaliwe upya.

Mitishamba: uwatu, karela na mlonge vinaweza kushusha sukari vyenyewe. Sikwambii umnyang'anye bibi uwatu wake, nakwambia usimruhusu aanze kijiko kila asubuhi juu ya glibenklamidi bila mtu wa kliniki kujua, na akianza chochote kipya, cha famasi au cha mti, pima mara nyingi zaidi wiki hiyo.

## Hatua ya 9: Daftari, na mtu wa kukupokea

Kila siku mstari mmoja: tarehe, sukari ya asubuhi, kala nini, dawa saa ngapi, kitu cha ajabu. Mfano: *12/3, 6.8, viazi na yai, gliben 1 saa 1:20, mchana kala kidogo.* Huo mstari daktari anausoma kwa sekunde tano na unamsaidia kuliko wewe kusema "anaendelea vizuri tu".

Nenda nalo kila kliniki. Omba HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu iliyopita) kila miezi mitatu kama inapatikana, figo na macho walau mara moja kwa mwaka, na mpime uzito, manake dawa hii inanenepesha kidogo. Miguu angalia mwenyewe kila jioni, kati ya vidole na kwenye kisigino. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa mweusi, au vipele vikitoka mwili mzima, usisubiri tarehe ya kadi.

Ukisafiri, usimwachie dada wa kazi maelezo ya mdomo getini. Kaa naye siku mbili akifanya yeye, wewe unatazama tu, mpaka uone anasubiri mzee ale ndo anashika kidonge. Na wawe hawatoi watu wawili, mmoja ndo anatoa, manake "nilidhani wewe hujampa" imeshapeleka wazee wengi wodini.

## Hatua ya 10: Kuhifadhi

Pakavu, pasipo na jua, sio jikoni juu ya jiko, na juu kabisa mtoto asipofika. Hili la mtoto usilichukulie poa, kidonge kimoja tu kinaweza kumwangusha mtoto mdogo vibaya sana, na kinakaa kidogo kama pipi. Ukikuta pakti imechezewa na hesabu haitimii, usisubiri dalili, usiseme "mbona anacheza", sukari yake inaweza kushuka masaa mengi baadaye. Kama yuko macho mpe kitu kitamu njiani, mchukue na pakti yenyewe mkononi, hospitali moja kwa moja, na usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu kipimo cha kwanza kimesoma vizuri.